Mshale Uliokataa Kusogea

Kwenye kona ya lifti, karibu na mlango, sakafu ina alama nne za mviringo, kila moja upana wa kifuniko cha soda. Zilichimbwa na miguu ya kigoda kwa muda wa miaka ishirini na miwili. Kigoda chenyewe hakipo. Mafundi walipokuja kubadilisha mashine waling'oa kila kitu walichokiona kimezeeka: geti la kukunja, mkono wa shaba, taa ya manjano. Wakaweka mlango unaojifunga wenyewe na safu ya vitufe vinavyowaka. Sakafu waliiacha ilivyo.

Wiki za mwanzo watu waliingia, wakaigeukia ile kona na kusema, "Ya tano, mama," kisha wakasimama kimya wakingoja. Lifti nayo ikasimama kimya ikiwangoja. Mmoja aliwahi kukaa humo dakika nzima akisoma gazeti, akidhani yuko safarini. Mlinzi wa mlangoni husema kilichopotea si kigoda wala mtu, ni sauti. Zamani, hata ukiwa chini kwenye ngazi, uliisikia ikishuka ndani ya ukuta: "Ya pili, kwa muuguzi. Shika mtoto." "Ya nne, wapima ramani. Kamba za viatu, baba, utajikwaa." Sasa ndani ya ukuta kuna mlio mmoja mwembamba wa kengele, halafu basi.

Walimwita Mama Lifti. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne, binti yake akiwa bado anatambaa, na alifundishwa kazi kwa siku mbili. Lifti ile haikuwa na vitufe. Ilikuwa na mkono wa shaba ukutani: ukiusukuma kulia inapanda, kushoto inashuka, ukiurudisha katikati inasimama. Fundi aliyemfundisha alisema ni kazi ambayo hata mbuzi angeiweza kama angekuwa na kidole gumba. Hakumwambia kwamba kati ya kulia na katikati kuna safari ndefu, na kwamba ukiurudisha mkono ghafla, chumba chote pamoja na waliomo kinapigwa na kitu kisichoonekana.

Alilijua hilo siku ya nne. Karani wa ghorofa ya tano, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi kwa mawakili, alikuwa akishuka na rundo la mafaili lililomfika kidevuni. Mama Lifti aliona sakafu ya chini inakuja haraka, akaingiwa na hofu, akaurudisha mkono katikati kwa mara moja. Magoti ya karani yalikunjika kama ya mtu aliyepigwa nyuma yake. Aliangukia kifundo cha mkono, na mafaili yakamwagika hadi nje ya geti. Mfupa uliunga, lakini uliunga upande, na mpaka leo mkono ule ukinyooshwa huelekea kushoto kidogo kuliko mwenyewe anakotaka.

Meneja wa jengo alimwambia mwingine akianguka, ataanguka na ajira yake. Kesho yake Mama Lifti alifika kazini saa moja kabla ya watu, akajaza glasi maji hadi ukingoni, akaiweka sakafuni kando ya kigoda, akaanza kupanda na kushuka peke yake. Maji yalimwagika. Akapiga deki, akajaza tena. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa miezi minne, mpaka mfagizi wa jengo akamuuliza kama amepewa na kazi yake pia, maana sakafu ya lifti ilikuwa safi kuliko meza ya meneja. Mwezi wa tano, glasi ilipanda ghorofa nane na kushuka nane, na uso wa maji haukutikisika. Tangu siku hiyo watu waliopanda naye hawakujua ni wakati gani wameondoka wala ni wakati gani wamefika. Waliona tu geti linafunguliwa. Hakuna aliyemsifu, kwa sababu mtu hasifii kitu ambacho hakukihisi.

Miaka ikaenda. Binti akakua, akajifunza kushona, akaolewa, akarudi na mtoto. Mama Lifti akasoma juu ya kigoda, kati ya ghorofa na ghorofa, akafanya mitihani ya watu wazima, akafeli, akarudia, akafaulu. Akiwa na miaka arobaini na mitano alipokelewa chuo cha ualimu, masomo ya mchana baada ya zamu yake ya asubuhi. Alichagua sayansi. Alipoulizwa kwa nini, alisema ndiyo iliyokuwa na nafasi, na huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba alitaka kujua kile kitu kisichoonekana kilichompiga karani.

Fizikia ilimkataa. Alikariri kanuni kama mtu anavyokariri namba za simu za watu asiojua wanakoishi. Mwaka wa kwanza alianguka somo hilo moja. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: anayeanguka somo mara mbili anarudisha kitambulisho na kwenda nyumbani. Na mwaka wa pili, akilirudia somo hilo, barua ikaja kazini. Lifti ingebadilishwa, iwe ya kujiendesha. Meneja, ambaye si mtu mbaya, alimwita akamwambia hatatupwa, ataajiriwa kufagia ngazi.

"Kufagia si aibu," alimwambia binti yake.

"Nani kasema ni aibu?"

"Hakuna. Ila nimewaepusha watu na ngazi zile miaka ishirini na miwili. Sasa nizimalize kwa magoti."

Mwalimu wa fizikia alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, mwenye tabia ya kujibu kila jibu kwa swali. Wanafunzi walimwita Kwa Nini. Hakuamini sana mitihani. Theluthi ya alama zake aliitoa kwa video: wanafunzi watatu, dakika tano, jambo moja la fizikia ya mwanzo, lielezwe ili mtu ambaye hajawahi kukaa darasani alielewe. Sharti lilikuwa moja, na alikuwa ameliandika kwa rangi juu ya ubao, mahali kifutio hakifiki: NENO USILOWEZA KULIONYESHA, USILITAMKE.

"Mwalimu," aliuliza msichana mmoja wa mstari wa mbele, "na 'asanteni kwa kututazama' je? Tutaionyeshaje?"

"Kwa kunyamaza."

Darasa lilicheka. Msichana huyo waliyemwita Kasuku alicheka kuliko wote. Ndiye aliyepangwa na Mama Lifti, pamoja na kijana mrefu, mkimya, ambaye jina lake la utani, Mrefu, halikumchosha mtu akili. Wote wawili walikuwa wadogo kuliko binti yake. Walimwita shangazi, na siku ya kwanza walimgawia kazi ya kuleta maji ya kunywa.

"Maji mtaleta wenyewe," alisema. "Mimi nitaleta lifti."

Walimwelewa haraka. Kitabuni kulikuwa na picha ya mtu aliyesimama juu ya mizani ndani ya lifti, na maelezo kwamba lifti ikianza kupanda, mizani inasoma zaidi, na ikikaribia kusimama juu, inasoma pungufu. Huo ndio mchapuko: mwendo unapobadilika, ukiongezeka au ukipungua. Kila mwanafunzi alikuwa ameikariri picha ile. Hakuna aliyekuwa na lifti.

"Shangazi," Kasuku alisema, "ulikuwa umekalia dhahabu unatuangalia tu tunavyochimba."

Jumamosi, jengo likiwa tupu, waliazima mizani kwa muuguzi wa ghorofa ya pili, ile ya mshale anayopimia wajawazito, kwa ahadi kwamba itarudi nzima. Kasuku akapanda juu yake. Mshale ukasimama kwenye hamsini na nane.

"Hiyo usiionyeshe sana," alimwambia Mrefu.

"Ndiyo video yenyewe hiyo."

Mrefu alichuchumaa na simu yake, akaielekeza kwenye mshale. Mama Lifti akakaa kwenye kigoda, akavuta geti, akashika mkono wa shaba, akaupeleka kulia kama alivyoupeleka maelfu ya mara. Kwenye mwanya wa geti kuta zilianza kuteremka. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Mshale ulikuwa kwenye hamsini na nane. Walipofika ya nane na kusimama, ulikuwa kwenye hamsini na nane.

"Sogea basi," Kasuku aliuambia.

"Usiusemeshe, utashtuka," alisema Mrefu.

"Ukishtuka si ndiyo tunachotaka?"

Walishuka. Hamsini na nane. Walipanda na kushuka mara tisa. Mara mbili mshale ulitetemeka, lakini hiyo ilikuwa ni Kasuku amepiga chafya, kisha amecheka chafya yake. Mwishowe Mrefu alisimama, akanyoosha mgongo na kutoa hukumu: mizani imekufa. Wangefanyaje? Walichora mishale myekundu kwenye karatasi, wakaibandika juu ya picha, na Mama Lifti akasoma maelezo yaliyoandikwa kwa makini na Kasuku. Mrefu aliunganisha vipande. Ilionekana video nzuri.

Jumatatu Kwa Nini aliitazama rasimu hiyo mezani kwake, wao watatu wakiwa wamesimama nyuma yake. Ilipoisha aliendelea kukitazama kioo kilichozimika.

"Mmesema 'mchapuko' mara saba," alisema. "Nimehesabu. Sijauona hata mara moja."

"Mizani mbovu, mwalimu," alisema Mrefu.

"Mmejuaje ni mbovu?"

"Haisogei."

"Kitu kisichosogea ni kibovu?"

Mrefu alimtazama Kasuku. Kasuku alimtazama Mama Lifti.

"Lifti ile si inabadilishwa Ijumaa, mama?" Kwa Nini alimuuliza Mama Lifti, na sauti yake ikalegea kidogo. Alijua alama zake. Yeye ndiye aliyezitoa. Bila video hii kufaulu, hesabu ilikuwa imekwisha. "Basi nileteeni mizani nyingine kabla ya hapo. Au nileteeni sababu."

Mama Lifti aliibeba mizani nyumbani mchana ule, imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mgonjwa, akitafuta maneno ya kumwambia muuguzi. Aliiweka sakafuni kwenye chumba cha mbele, ambako binti yake alikuwa akishona sare za shule, akaenda kunawa uso. Aliporudi, mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amekwishapanda juu, anarukaruka.

"Mama," binti yake alisema bila kuinua macho kwenye cherehani, "hicho kitu chako kina wazimu. Tazama."

Alitazama. Mshale ulikuwa unaruka pamoja na mtoto, unakwenda thelathini, unarudi sita, unakwenda ishirini na tano.

"Simama," alimwambia mjukuu. Mtoto akasimama. Kumi na tano. "Chuchumaa taratibu, kama unamnyemelea paka." Mtoto akachuchumaa taratibu. Kumi na tano, kumi na nne na kitu, kumi na tano. "Sasa inuka haraka." Mshale ukaruka.

Alimteremsha, akapanda yeye. Alikunja magoti polepole, akayanyoosha polepole, na mshale ukakaa. Alikunja ghafla, na mshale ukaanguka kama umekatwa kamba. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka binti yake akasimamisha cherehani.

"Mama, kuna nini?"

"Mizani nzima."

"Sasa mbovu ni nini?"

"Mimi."

"Umekosea wapi?"

"Sijakosea. Ndiyo taabu yenyewe."

Alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Alimweleza binti yake habari ya glasi, ambayo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumweleza mtu. Kila asubuhi kwa miezi minne alikuwa amekiondoa kitu fulani kutoka kwenye mkono wake, punje kwa punje, kama mtu anayechagua mchele, mpaka hakikubaki hata kijiwe kimoja. Sasa mwalimu anakitaka kile kile. Anataka akione.

Binti aliinua sare mpya aliyokuwa ameimaliza, akaigeuza nje ndani. "Mshono mzuri hauonekani," alisema. "Mteja akitaka auone, itabidi nimshonee vibaya." Akakata uzi kwa meno, akaendelea na kazi.

Alhamisi jioni, ofisi zilipofungwa, walikutana tena watatu ndani ya lifti. Ghorofa ya chini, nje ya geti, mafundi walikuwa wamekwishalaza vyuma vyao na ngazi ya kukunja, tayari kwa asubuhi. Mama Lifti aliwaeleza. Mrefu alifikiri, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

"Kwa hiyo mizani haikufa. Wewe ndiye uliyeiua."

"Niliilaza tu. Leo tunaiamsha."

Lakini kusema na kutenda ni watu wawili. Aliushika mkono wa shaba akakusudia kuusukuma ghafla, na mkono wake mwenyewe ukakataa. Ulikwenda haraka mwanzoni, kisha ukajikumbuka, ukalainika. Mshale ulifika hamsini na tisa. Walijaribu tena. Sitini.

"Shangazi, sukuma kama unafunga mlango wa gari bovu."

"Sijawahi kuwa na gari, bovu wala zima."

"Basi kama umemkasirikia mtu," alisema Kasuku. "Mfikirie Mrefu."

Akajaribu. Kila alipokaribia kufika, vidole vilifunguka vyenyewe na kuisimamisha lifti taratibu kama anayemlaza mtoto. Alianza kutokwa na jasho. Aliona aibu isiyo na maana: miaka ishirini na miwili alikuwa akiogopa kuikosea kazi hii, na sasa maisha yake yalitaka akosee mara moja tu, na hawezi.

Ghorofa ya tano mtu aligonga geti. Alikuwa karani, yule yule, mvi kichwani sasa, mkoba begani, amechelewa kutoka kama kawaida yake. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Aliwatazama: msichana juu ya mizani, kijana amechuchumaa na simu, Mama Lifti ameloa.

"Mnafanya nini humu?"

"Najaribu kuendesha vibaya," alisema Mama Lifti. "Pita ngazi leo, dada. Tafadhali."

Karani aliingia. Aliuvuta mlango wa geti nyuma yake, akakishika kishikio cha ukutani kwa ule mkono uliopinda.

"Vibaya kama siku ile?"

Wale vijana, ambao hawakuijua siku ile, walitazamana.

"Kama siku ile," alisema Mama Lifti.

"Siku ile uliniomba radhi mara ishirini. Ulikuja mpaka hospitali kuniomba radhi. Hukuniambia nilianguka kwa nini."

"Nilikuwa sijui."

"Sasa unajua?"

Mama Lifti aliutazama mkono wa shaba. Palikuwa na sehemu iliyong'aa kuliko kwingine, mahali kiganja chake kilipoishi. "Kamateni vizuri wote," alisema. "Mrefu, washa."

Aliusukuma. Lifti ilishtuka na kwenda juu kama iliyochomwa sindano, na mshale ukaruka hadi sitini na sita. Kasuku alipiga yowe. "Nimenenepa!" Kisha ukarudi hamsini na nane, ukatulia, kuta zikiendelea kupita. "Hapa katikati hakuna kitu," alisema Mama Lifti, macho yake kwenye geti. "Tunakwenda, lakini mwendo haubadiliki. Mwili haujui kama unakwenda." Alikuwa haongei na simu, alikuwa anaongea na karani. Ya nane ilipokaribia, aliukatisha mwendo. Mshale ukaanguka hadi hamsini, na tumbo la kila mmoja likapanda kifuani. "Hapa lifti imesimama, wewe bado unapanda kidogo. Unakuwa mwepesi."

Akaigeuza. Walishuka, na alipoiona sakafu ya chini inakuja hakuingiwa na hofu. Aliingoja. Kisha akaurudisha mkono katikati kwa mara moja, hivyo hivyo, kama msichana wa miaka ishirini na minne. Vyuma vya mafundi nje viligongana. Mshale ulikwenda sitini na saba, magoti ya Kasuku yakakunjika, akamshika Mrefu kichwani asianguke.

"Hapa," alisema Mama Lifti. Alikuwa anapumua kama aliyekimbia. "Hapa ndipo ulipoanguka. Mimi niliisimamisha lifti, lakini mwili wako ulikuwa unaendelea kushuka. Sakafu ikausukuma juu kwa nguvu ili iusimamishe. Kwa sekunde ile moja ulikuwa mzito kuliko ulivyo. Na mafaili yako pia."

"Mafaili?"

"Kila faili lilinenepa."

Karani alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Aliutazama mkono wake juu ya kishikio.

"Mimi miaka yote hii," alisema, "nilidhani ni magoti yangu. Niliacha viatu virefu. Niliacha kucheza kwenye harusi za watu. Nikasema, mwanamke mzima, unaanguka umesimama." Akaupandisha mkoba begani. "Nikaona aibu kukuuliza."

"Na mimi nilidhani unanilaumu."

"Nilikuwa nakulaumu pia," alisema karani. "Yote mawili yanawezekana. Fungua geti, nimechelewa."

Mrefu hakuwa amezima simu.

Ile ndiyo waliyoipeleka, bila mishale ya karatasi, bila maelezo ya Kasuku. Neno "mchapuko" lilitamkwa mara moja tu, na Kasuku, mwishoni, mshale ukiwa bado unatetemeka. Kwa Nini aliionyesha mbele ya darasa zima. Alirudia kipande cha karani mara mbili. Kisha akazima, akabaki amesimama akigusagusa mkebe wa chaki, na darasa likangoja swali.

"Sina swali," alisema.

Walipiga meza mpaka mwalimu wa chumba cha pili akachungulia. Mama Lifti alifaulu, si kwa alama za kutundika ukutani, lakini kwa alama za kubaki na kitambulisho. Ngazi za jengo zilipata mfagizi mwingine.

Siku matokeo yalipobandikwa alimkuta Mrefu uani.

"Mwanangu, ile video ya kwanza unayo? Ile ya Jumamosi."

"Ipi, shangazi? Ile ya mshale umelala?"

"Hiyo."

"Niliifuta. Simu ilijaa." Aliuona uso wake, akaongeza haraka, "Si haikuonyesha kitu?"

"Kweli," alisema. "Haikuonyesha kitu."

Alikwenda zake hadi kwenye bomba, akanywa maji kwa kiganja. Aliwaza kwamba safari zile tisa za Jumamosi huenda zilikuwa bora kuliko zote alizowahi kuendesha. Hata mizani haikuweza kuzihisi. Zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya simu ya mtu kwa siku tano. Sasa kilichobaki duniani cha kuonyesha kwamba aliwahi kuendesha lifti ni dakika tano za yeye akiendesha vibaya. Hakulia. Mtu halilii kitu kilichofutwa kwa sababu hakikuwa na kasoro. Hajui hata aanzie wapi. Lakini alikaa pale bombani mpaka kengele ya kipindi ikalia, na ilipolia hakuisikia mara ya kwanza.

Kwa Nini huionyesha video ile kila mwaka kwa wanafunzi wapya. Hucheka Kasuku anapopiga yowe, kisha hunyamaza anapoongea karani. Mara nyingine mmoja huuliza yule mama aliyekaa kwenye kigoda alipewaje kazi, kwa uendeshaji ule. Kwa Nini humuuliza: kwa nini unauliza? Mengine hawaambii.

Karani amestaafu. Alionana na Mama Lifti kwenye harusi ya binti wa meneja, karani akiwa na viatu vyenye kisigino cha vidole viwili.

Mama Lifti anafundisha fizikia kidato cha kwanza na cha pili, katika shule isiyo na ghorofa. Kipindi chake cha kwanza huanza saa mbili asubuhi, na yeye hufika saa moja.